Kabla Hujamnunulia Mama Vidonge vya Kumbukumbu

Tangazo unalijua. Mzee anayecheka, jani la kijani pembeni, na ahadi kwamba ndani ya siku 30 usahaulifu utakuwa umekwisha. Asubuhi linatupwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi wawili wanaliwekea mikono ya dua, na kufikia jioni kijana aliyeko Muscat au Minneapolis ameshauliza atume chupa ngapi. Nia ni njema kabisa. Lakini mimea inayouzwa kwa ajili ya kumbukumbu na kuchangamsha moyo haifanani. Mmoja umepimwa kwa maelfu ya watu ukashindwa, mwingine unafanya kazi kweli na kwa sababu hiyo hiyo ni wa hatari, na mingine bado iko njiani. Vidokezo hivi ni vya kijana huyo, na vya wazee wenyewe, maana wengi wao hawasubiri kununuliwa.

1. Jua kwanza anasahau nini, na tangu lini

Kusahau miwani iko wapi ni jambo la kila nyumba. Kupotea njia akitoka soko lile lile alilolizoea miaka thelathini ni jambo jingine, na halingoji kifurushi cha posta. Na mzee aliyekuwa timamu juzi, leo anaongea ovyo au hamtambui mjukuu, huyo ni mgonjwa wa dharura: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au kiharusi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Viko pia visababishi vinavyokuja polepole na vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango, masikio yasiyosikia vizuri, na sonona. Sonona ya mzee mara nyingi haiji na machozi. Huja na kimya, kukosa hamu ya kula, kuamka saa tisa za usiku, na jibu la "sikumbuki" kwa kila swali. Watafiti waliozunguka vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, walikuta demensia, ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na akili, kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Si wachache, lakini wengi wa rika hilo hawana ugonjwa huo. Usimbandike mama jina hilo kabla hajapimwa.

2. Mwaga mfuko wa dawa mezani

Kila mzee ana mfuko. Ndani yake mna dawa za presha, vidonge vya kisukari, vilivyobaki vya jino la mwaka juzi, na vile alivyopewa na jirani. Vimwage vyote, maana huenda kinachomsahaulisha kimo humo humo. Piriton, ambayo huku kwetu humezwa kwa kila mafua na kila mwasho, huwazubaisha wazee na kuvuruga kumbukumbu zao. Ndivyo zilivyo pia promethazine na amitriptyline. Metformin ya kisukari ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza B12 mwilini, na mzee asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa yuko kwenye hatari zaidi, kwa kuwa vyakula vya mimea havina vitamini hiyo. Kipimo cha damu kinaonyesha, na tiba ni rahisi.

Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Nenda na mfuko huo kwa daktari na umuulize ipi inaweza kupunguzwa. Wakati mwingine dawa bora ya kumbukumbu ni kidonge kimoja pungufu.

3. "Ni ya asili, haina madhara": usimjibu, mweleze habari ya Calabar

Huko Calabar, Nigeria, kulikuwa na maharagwe ambayo mtu aliyeshukiwa uchawi alilishwa ili ajaribiwe. Akitapika alihesabiwa hana hatia, asipotapika alikufa. Kutokana na sumu ya maharagwe hayo wanakemia walipata fisostigmini, na baadaye kwa kufuata umbo lake ikatengenezwa rivastigmine, dawa ya hospitali ya ugonjwa wa Alzheimer. Dada yake, galantamine, chanzo chake ni maua ya Ulaya yanayochipua theluji ikiwa bado chini. Kwa hiyo mimea inaweza kabisa kuugusa ubongo. Ila kinachogusa ubongo kinaweza pia kuudhuru, na tofauti iko kwenye kipimo, ambacho kwenye chupa nyingi za mitaani hakijulikani.

4. Ginko: umepimwa, umeshindwa

Huu ndio mmea maarufu kuliko yote kwa kumbukumbu. Ni mti wa Uchina, na majani yake hukamuliwa kiini kinachowekwa kwenye kapsuli. Marekani waliupima kwa watu 3,069, wengi wao wakiwa na miaka 75 na zaidi. Nusu walipewa ginko, miligramu 120 mara mbili kwa siku, na nusu vidonge vitupu, bila kujua nani kapewa nini, kwa takriban miaka sita. Matokeo yakatoka mwaka 2008: waliopata demensia kwenye kundi la ginko walikuwa 277, na kwenye kundi la vidonge vitupu 246. Wafaransa wakafanya la kwao, watu zaidi ya 2,800 wenye miaka 70 na zaidi waliokuwa wakilalamika kusahau, miaka mitano. Mwaka 2012 jibu likawa lile lile: ginko haikuzuia.

Kwa watu ambao tayari wana demensia, baadhi ya majaribio ya kiini cha ginko kinachotengenezwa Ujerumani yameonyesha nafuu ndogo na mengine hayakuonyesha kitu. Hilo ni la kuzungumza na daktari. Kwa mzee mzima anayetaka tu kujikinga, mimi nisingetoa hata shilingi.

Na kuna jambo la damu. Ginko inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, hasa kwa anayetumia warfarin, aspirini au dawa za maumivu kama diclofenac. Akienda kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji, aseme mapema. Mbegu mbichi za mti huo ni sumu, ukiletewa, usisage.

5. St. John's Wort: huu ndio usiotaka mchezo

Mmea huu wa maua ya manjano, ambao chupa nyingine huuandika kwa jina la kisayansi, Hypericum perforatum, unatumika sana Ujerumani kwa sonona. Na sifa zake si za bure. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, yakakuta kwamba ulishinda vidonge vitupu, ukakaribiana na dawa za hospitali za sonona, na madhara yakawa machache. Majaribio ya nchi zinazozungumza Kijerumani yaliusifu kuliko ya kwingine, jambo linaloacha maswali, lakini hata ukilitoa hilo, mmea una nguvu.

Nguvu hiyo ndiyo shida. Unaamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, na matokeo yake dawa nyingine alizomeza mzee hutolewa mwilini kabla hazijamaliza kazi. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa indinavir, dawa ya VVU, ilishuka kwenye damu kwa zaidi ya nusu kwa watu waliotumia mmea huu. Mwaka huo huo jarida hilo likaeleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa, kwa kuwa mmea ulikuwa umepunguza cyclosporine yao. Orodha inaendelea: warfarin, digoxin ya moyo, baadhi ya dawa za presha kama nifedipine, na dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha ARV ambacho wengi wanatumia Kenya na Tanzania siku hizi.

Hapo ndipo ningependa mtoto aliyeko ughaibuni atulie kidogo. Wako wazee wengi wanaoishi na VVU kwa miaka mingi, wana afya nzuri, na hawajawaambia watoto wao. Baba anapokea chupa, anashukuru, hawezi kuuliza swali ambalo litamfichua, na anaimeza kwa sababu imetoka kwa mwanawe. Kwa hiyo usiitume chupa hii kama zawadi ya kushtukiza. Mwambie kwanza jina la mmea, mwambie kwamba haupatani na dawa nyingi za kliniki, kisha mwache azungumze peke yake na mhudumu wake. Asipoutaka, usimdodose sababu.

Mmea huu usichanganywe pia na dawa za sonona kama fluoxetine, wala na tramadol ya maumivu. Mchanganyiko huo unaweza kuleta kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Na kuacha leo hakumalizi mambo leo: ini huchukua kama wiki mbili kurudi lilivyokuwa.

6. Zafarani inaahidi, ila biashara yake ina ujanja

Watu wa pwani na Ghuba hawahitaji kuuzwa zafarani. Imo kwenye biriani na kahawa tangu zamani. Kinachovutia ni majaribio ya Iran, ambako walitoa miligramu 30 kwa siku kwa watu wenye sonona isiyo kali, na wakaona nafuu. Mwaka 2010 wakachapisha jaribio jingine la wiki 22, lenye wagonjwa 54 wa Alzheimer, ambamo zafarani ilikaribiana na donepezil, dawa ya hospitali. Majaribio haya ni madogo, mafupi, na mengi yametoka sehemu moja. Bado, kwa mzee mwenye unyonge wa moyo usio mzito, kati ya mimea yote humu hii ndiyo ningeitazama kwa jicho la matumaini.

Miligramu 30 ni nyuzi kama kumi na tano tu. Hakuna haja ya kujaza kijiko, na dozi kubwa za kufikia gramu kadhaa ni sumu. Bei yake inawavuta matapeli: huuzwa maua ya kartamu au nyuzi za mahindi zilizotiwa rangi. Tia nyuzi chache kwenye maji ya vuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi hubaki mwekundu. Ya uongo humwaga wekundu papo hapo na uzi kupauka.

7. Manjano yakae jikoni

Mchuzi wenye manjano hauna ubaya. Kapsuli ya manjano ni habari nyingine. Kiungo kinachosifiwa, kurkumini, ni kama asilimia 3 tu ya unga, na utumbo hauifyonzi vizuri. Jaribio linalotajwa kila mara ni la chuo kikuu cha UCLA, Marekani, la mwaka 2018: watu 40 wenye umri wa miaka 51 hadi 84, miezi 18, kurkumini iliyotengenezwa maalumu ili ifyonzwe. Kumbukumbu za waliopewa kurkumini ziliboreka. Watu 40 ni wachache mno kwa kuwashauri mamilioni.

Watengenezaji wakaongeza pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, na kweli inafyonzwa, kwa kuwa pilipili inalizuia ini lisiiondoe haraka. Inaweza kufanya hivyo hivyo kwa dawa nyingine za mzee. Wagonjwa walioumia ini kutokana na vidonge vya aina hii wameripotiwa Italia na Marekani. Macho yakiwa ya njano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, vidonge viachwe na safari iwe ya hospitali.

Kisha kuna unga wenyewe. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo. Nunua vipande vibichi, kausha, saga mwenyewe.

8. Habasoda na mlonge

Habasoda ina jaribio dogo la Bangladesh la mwaka 2013, wazee 40, wiki tisa, lililoonyesha umakini na kumbukumbu kuboreka kidogo. Inaweza kushusha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apime sukari yake mara nyingi zaidi anapoianza. Mlonge ni mboga nzuri na uendelee kuliwa. Anayekuuzia unga wake kwa bei ya dawa kwa ajili ya kumbukumbu anakuuzia mboga.

9. Bakopa kwa tumbo gumu, ashwagandha kwa nani?

Bakopa, au brahmi ya Wahindi, ilijaribiwa Portland, Marekani, kwa watu 54 wenye miaka 65 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha kwamba miligramu 300 kwa siku kwa wiki 12 ziliwasaidia kukumbuka orodha za maneno. Tumbo liliwasumbua baadhi yao. Si mbaya kuijaribu, kwa anayeimudu.

Ashwagandha huuzwa kwa usingizi na utulivu. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Imehusishwa na kuumia ini, inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingoni, na inaleta usingizi. Mzee mwenye usingizi anayeamka kwenda chooni gizani ndiye anayevunjika nyonga. Mimi ningeiruka.

10. Kakao unywe kwa utamu

Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 65 na zaidi kwa miaka mitatu, baadhi wakipewa kiini cha kakao, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba hakikuongeza akili hata kidogo. Waliopewa vidonge vya kawaida vya mchanganyiko wa vitamini ndio waliofanya vizuri kidogo. Hata hivyo WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, haishauri vidonge vya vitamini B, E au mchanganyiko kama kinga ya demensia. Kikombe cha kakao jioni kina sababu zake nyingine.

11. "Imetoka Marekani" si cheti

Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inamruhusu mtengenezaji kuuza virutubisho bila kuthibitisha kwanza kwa serikali kwamba vinafanya kazi. Muhuri wa USP au NSF ukiwepo, unakuambia kilichoandikwa ndicho kilichomo. Haukuambii kwamba kitamponya bibi. Hapa nyumbani, dawa za asili Tanzania husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza namba ya usajili. Kwenye lebo tafuta jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika kama ni jani au mzizi, miligramu, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Ukikuta "mchanganyiko wa siri", rudisha rafuni.

Chupa inayotibu kumbukumbu, presha, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo kwa pamoja, nayo iache. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kutibu karibu kila ugonjwa sugu, na wapo waliotupa dawa zao njiani. Hilo tumeshalipitia mara moja.

12. Kimoja kwa wakati, na daftari

Kama baada ya yote haya bado mzee anataka kujaribu, na mfamasia ameridhia, aanze na kitu kimoja tu. Andikeni tarehe, dozi, presha, usingizi, hamu ya kula, na mambo mawili matatu mnayoyaangalia, kwa mfano kama anakumbuka siku ya kliniki bila kukumbushwa. Mpeni wiki nane hadi kumi na mbili. Kama hakuna mabadiliko yanayoonekana na mtu asiyejua anatumia nini, acheni. Wanaotumia vitu vinne kwa pamoja hawajui kipi kimesaidia wala kipi kimewaletea kizunguzungu.

13. Pesa iliyobaki ina kazi

Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Humo hamna mmea hata mmoja. Mna presha, kisukari, lehemu mbaya, uvutaji wa sigara, masikio, macho, sonona, upweke na kukaa bila kutembea. Finland nayo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, iliwachukua watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77, ikawapa nusu yao chakula bora, mazoezi, michezo ya akili na ufuatiliaji wa presha na sukari kwa miaka miwili. Uwezo wao wa akili uliongezeka kuliko wa wenzao waliopewa ushauri wa kawaida tu.

Kwa lugha ya nyumbani: mashine ya kupima presha, miwani mipya, masikio kusafishwa nta na kupimwa, viatu vizuri vya kutembelea, na nauli ya kumfikisha kwenye kwaya, kwenye darsa au kwenye baraza la bao. Upweke wa mzee hautibiwi na kifurushi. Mpigie simu, na umwache amalize hadithi ambayo umeshaisikia.

Na akianza kusema maisha hayana maana tena, akikataa kula au akigawa vitu vyake bila sababu, weka mitishamba yote kando. Hiyo ni sonona kali na ina tiba hospitalini. Mpeleke leo, ukiwa umebeba kila chupa na kila kifuko anachotumia, pamoja na ile ambayo shangazi alisema si dawa, ni chakula tu.